Kutoka mchezaji wa ligi ndogo hadi kocha wa futiboli ya Marekani: hatua zenyewe ni zipi?

KonaYaKushoto

Wakuu, salaam. Mada za ukocha wa futiboli ya Marekani humu huishia kwenye majina makubwa. Mtu anamtaja Sean Payton, mwingine Jay Gruden, mada inafungwa. Kilichopo katikati hakielezwi.

Tuchukue mfano. Kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa miaka 27, alicheza chuo cha Daraja la II la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, na shahada ya kwanza anayo. NFL, ligi kuu ya kulipwa, hakuchaguliwa. Sasa yuko msimu wa tatu Indoor Football League (IFL), ile ya uwanja wa ndani, wachezaji 8 kila upande. Anataka ukocha na anaulenga chuo kikubwa au NFL.

Astaafu lini? Aanzie ngazi gani? Na aliyojifunza ndani yanahamia nje kwa kiasi gani? Anayeijua kazi ya kocha wa ngazi ya chini kabisa, ile ya kila siku, naomba aimwage hapa.

Mtathmini

Kabla ya kupima uwezo wake, mkuu, pima kalenda. Ndiyo itakayomwamulia mengi.

Ligi ndogo karibu zote zimekimbilia machipuko ili zisigongane na NFL na vyuo. IFL huanza Machi hivi. UFL, ligi ndogo ya nje, msimu wa 2024 ilianza 30 Machi na fainali ikachezwa 16 Juni. Sasa geukia vyuo. Ajira za makocha hufunguka Desemba, makocha wakuu wakianza kufukuzwa na kunyang'anyana. Januari kuna mkutano mkuu wa chama cha makocha, AFCA, na mazungumzo mengi ya kazi hufanyika kwenye korido zake, si ukumbini. Februari benchi la ufundi linajifungia kupanga mbinu. Machi na Aprili ni mazoezi ya machipuko, vipindi 15. Kwa hiyo chuo kinamtaka mtu Januari, na klabu ya ndani inamtaka kambini muda uleule ambao chuo kiko uwanjani. Anayesema "nimalize msimu Julai ndipo nitafute chuo" atafika Agosti nafasi zimejaa, labda aambulie ya kujitolea.

Sekondari ni habari nyingine. Mazoezi yanaanza mwishoni mwa Julai au Agosti, mechi ni Ijumaa usiku hadi Novemba, na timu zinazofika mbali hugusa Desemba. Inagongana kidogo tu na mwisho wa msimu wa ligi ya ndani. Huyo wa mfano wako anaweza kufundisha sekondari vuli na kucheza machipuko kwa misimu miwili, kisha akaacha kucheza. Na akiacha, aache Desemba. Klabu iambiwe mapema, na wasifu wake uwe tayari mezani kwa makocha kabla ya AFCA.

Mlango wa kuingilia chuoni ni usaidizi wa uzamili. Unasajiliwa kusoma shahada ya pili, chuo kinabeba karo na kukupa posho ndogo, nawe unafanya kazi ya benchi. Watu wengi wanakwama mahali pasipo na mpira kabisa: kocha amekukubali, lakini shule ya uzamili inakukataa kwa alama zako za shahada ya kwanza, au kwa sababu maombi yalifungwa wiki mbili zilizopita. Aagize nakala rasmi za matokeo Oktoba, achague vyuo sita au saba, aandike tarehe za mwisho za kila kimoja, na aombe udahili hata kabla kocha hajamjibu. Kocha mwenye watu wawili wanaolingana atamchukua yule ambaye tayari ana barua ya udahili, kwa sababu hamtwishi kazi ya kubembeleza ofisi nyingine.

Kuna mlango wa pili, wa uchambuzi. Zamani mchambuzi katika ngazi ya juu, FBS, alikatazwa kumfundisha mchezaji mbinu uwanjani. Mwaka 2024 NCAA ilikifuta kizuizi hicho: wafanyakazi wote wa benchi wanaweza kufundisha mazoezini na kwenye mechi. Kazi zile zina thamani zaidi sasa kuliko zamani, na wanaozigombea wameongezeka kwa sababu hiyohiyo.

YadiHamsini

Niongeze kwenye ndani na nje.

Uwanja wa ndani una urefu wa yadi 50 bila kuhesabu maeneo ya kufungia, na upana wa futi 85. Wa nje ni yadi 100 na futi 160. Ndani, mpira ukiwa katikati, ukuta uko kama yadi 14 kila upande. Kwotabeki anazoea kwamba kila kona ya uwanja inafikika. Akitoka nje hafungwi na urefu, anafungwa na upana, na upana huo unabadilika kwa ngazi kwa sababu ya zile alama za heshi ambazo mpira huwekwa kati yake kila jaribio.

NFL, heshi zina nafasi ya futi 18 na inchi 6 kati yake. Chuoni ni futi 40. Sekondari ni futi 53 na inchi 4, yaani uwanja umegawanywa sehemu tatu sawasawa. Fanya hesabu. Mpira uko heshi ya kushoto na unataka kuurusha hadi pembeni kulia. Kwa NFL umbali wa kukata uwanja ni kama yadi 30. Kwa chuo ni yadi 33. Kwa sekondari ni yadi 35 na nusu. Chukua njia ya kutoka nje, yaani mpokeaji anakimbia mbele kisha anakata kuelekea pembeni, kwa kina cha yadi 10, kwotabeki akiwa yadi 7 nyuma ya mstari wa mapambano, pale mpira unapoanzishwa, mpokeaji akiudaka yadi 2 kabla ya mstari wa pembeni. Mrusho wa NFL ni kama yadi 32 na nusu hewani. Uleule sekondari unakaribia 38. Mtoto wa miaka 16 akiurusha, mpira unaelea na kona, mlinzi wa pembeni, anauvuna. Kocha aliyetoka ligi ndogo anachora mbinu hiyo kwa sababu aliiona ikifanya kazi, halafu anamlaumu mtoto.

Kinachotakiwa sekondari ni kuigawa karatasi ya mbinu kwa heshi: za mpira ulio kushoto, za kulia, za katikati. Upande mpana utumike kwa mbio na pasi fupi za kumpa mkimbiaji nafasi, upande mwembamba kwa njia za nje. Ligi ya ndani haikufundishi kupanga hivyo.

Jambo la pili ni sheria ya wazuiaji kupita mbele wakati wa pasi. NFL ni yadi 1, chuoni 3, sekondari 2. Mbinu za kukimbia-au-kupasi, ambapo wazuiaji wanazuia kama ni mbio na kwotabeki anaamua baada ya kumsoma mlinzi mmoja, zimestawi chuoni kwa sababu ya hizo yadi 3. Ukiibeba ya chuo na kuipeleka ngazi nyingine bila kufupisha muda wa kuamua, utapigwa faulo.

Tatu, vitu ambavyo ndani havipo. Arena Football League (AFL), ligi nyingine ya ndani, ilikataza teke la punti, lile la kumwachia mpinzani mpira mbali. Mstari wake wa mbele ulikuwa na wazuiaji watatu, nyuma mkimbiaji mmoja, wapokeaji watatu na kwotabeki. Maana yake mtu aliyekulia huko hajawahi kupanga timu ya punti, hajafundisha wazuiaji watano kuhamia upande mmoja kwa pamoja, hajamtumia taitiendi (mpokeaji anayezuia pia) kuzuia pembeni, na hajapambana na sefti wawili, walinzi wa mwisho, waliosimama yadi 12 nyuma. Hayo ndiyo masomo yake ya lazima, na ayasome kwa mpangilio huo. Punti naiweka ya kwanza kwa makusudi: timu maalumu, ile ya mateke, ndiyo sehemu ambayo kocha mdogo hupewa mapema, kwa kuwa waratibu (wakuu wa ushambuliaji na wa ulinzi) hawana muda nayo.

Kuna tofauti ndogo inayowavuruga hata makwotabeki wazuri. Sheria za AFL zilimruhusu mpokeaji mmoja kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujaanzishwa. Anafika kwenye mstari akiwa tayari na kasi. Nje, NFL, chuoni na sekondari, hiyo ni faulo. Anaanza kutoka kusimama. Mdundo wa hatua za kwotabeki uliopangwa kwa mtu mwenye kasi utamfanya arushe mapema. Kila njia ipimwe upya kwa saa.

Kinachohamia vizuri ni eneo la karibu na goli. Mpira ukiwa yadi 10 kutoka mstari wa goli, ushambuliaji wa nje una yadi 20 tu za kuchezea ukijumlisha eneo la kufungia. Kupasi kwenye msongamano, kumrushia mtu ambaye bado hajafunguka, wapokeaji kuvukana ili walinzi wagongane: mtu wa ndani anayajua hayo kuliko waratibu wengi. Kama kuna kitu kimoja cha kuuza kwenye usaili, ni hicho. Aandae mbinu 12 za eneo hilo, kila moja ikiwa na video na jibu lake dhidi ya ulinzi wa mtu kwa mtu na ulinzi wa kanda.

KonaYaKushoto

YadiHamsini, hiyo ya heshi umenifungua macho. Mtathmini amegusa uchambuzi. Mtu akiajiriwa huko, Jumapili asubuhi anawekewa nini mezani?

MezaYaVideo

Anawekewa video za mpinzani ajaye, na anatakiwa kuzigeuza kuwa jedwali kabla mratibu hajaketi.

Video ni za pembe mbili: ya pembeni juu, inayoonyesha wachezaji wote 22, na ya nyuma ya goli, inayoonyesha mstari wa mbele. Kila jaribio ni mstari mmoja kwenye jedwali. Safu za msingi: namba ya jaribio, robo, jaribio la ngapi (timu ina manne ya kupata yadi 10), yadi zilizobaki, mpira uko yadi ipi, heshi ipi, kundi la wachezaji, mpangilio, nani alihama kabla ya mpira kuanza, mbio au pasi, jina la mbinu, yadi zilizopatikana. Ukichambua ulinzi unaongeza mpangilio wa mbele, aina ya ulinzi wa nyuma, na nani alivamia.

Usijaze safu zote kwa mpigo mmoja, ni polepole na makosa yanajificha. Pita mara ya kwanza ujaze hali ya mchezo tu: jaribio, yadi, heshi. Mara ya pili simamisha video kila mpira unapotaka kuanzishwa, ujaze kundi na mpangilio. Mara ya tatu acha icheze, ujaze mbinu na matokeo. Kundi linaandikwa kwa tarakimu mbili, ya kwanza wakimbiaji, ya pili mataitiendi: 11 ni mkimbiaji mmoja na taitiendi mmoja, 12 ni mkimbiaji mmoja na mataitiendi wawili, 21 ni wakimbiaji wawili na taitiendi mmoja. Wanaobaki kati ya watano ni wapokeaji. Yadi za upande wako zinaandikwa kwa alama ya kutoa, za mpinzani kwa alama ya kujumlisha: -25 ni yadi 25 yako mwenyewe.

Makosa yanayoharibu kazi:

Kuhesabu kwotabeki aliyeangushwa nyuma kama mbio. Takwimu rasmi za vyuo huandika hivyo, yadi zinatolewa kwenye mbio. Wewe unatafuta nia ya mratibu wao, na nia ilikuwa pasi. Ukiiga takwimu rasmi, jaribio la tatu na yadi 8 litaonekana lina mbio nyingi kuliko ukweli.

Kutumia majina yako ya mpangilio. Ulichokiita kwenye klabu ya zamani hakimhusu mtu. Siku ya kwanza omba orodha ya majina ya benchi jipya, na ukikutana na mpangilio usio na jina, mwulize mratibu. Usibuni.

Kutangaza tabia kutoka kwenye majaribio manne. "Jaribio la tatu yadi 3 hadi 6 wanapasi asilimia 75" ikitoka kwenye matatu kati ya manne haina maana. Chukua mechi tatu au nne, na zichaguliwe kwa ulinzi unaofanana na wenu. Mechi ambayo walishinda kwa pointi 40 toa nusu ya pili. Pale walikuwa wanakimbiza saa.

Mratibu hasomi jedwali lote. Anataka kurasa mbili: jaribio la kwanza na 10 wanafanya nini kwa kila kundi, jaribio la tatu kwa umbali, eneo la yadi 20 za mwisho, na zile mbinu tano wanazozirudia wakibanwa. Ukimpa kurasa 30 umemrudishia kazi.

Jumatatu zinakuja kadi. Timu ya akiba inaiga mpinzani mazoezini, na kila jaribio lina kadi yake iliyochorwa kwa kalamu nene. Kadi ichorwe kwa mtazamo wa wale wanaoisoma. Kama timu ya akiba inaiga ulinzi, ulinzi uko chini ya karatasi ukitazama juu. Kocha mgeni huchora ushambuliaji chini kwa mazoea, wachezaji wanageuza kushoto na kulia, na kipindi cha dakika 5 kinaisha mmecheza majaribio matatu badala ya manane. Kadi zipewe namba zinazofuata hati ya mazoezi, na ziwe kwenye faili lisilopenya maji. Mvua ikizilowesha, hamna mazoezi.

Mkosoaji

Naona mnampamba huyu kijana. Hao wakubwa mnaowataja walibebwa na vitu zaidi ya ligi ndogo. Jay Gruden alitwaa mataji manne ya AFL akiwa kwotabeki wa Tampa Bay Storm na mawili akiwa kocha wa Orlando Predators, 1998 na 2000, lakini aliingia NFL mwaka 2002 akiwa msaidizi Tampa Bay Buccaneers, na kocha mkuu pale alikuwa kaka yake, Jon.

Mtathmini

Kweli kuhusu kaka, Mkosoaji, ila hapo hapo kuna somo la kalenda. Gruden aliendelea na Orlando na Buccaneers kwa wakati mmoja, kwa kuwa AFL ilikuwa ya machipuko. Mratibu wa mashambulizi Cincinnati alikuwa 2011 hadi 2013, kocha mkuu Washington kuanzia 2014. Udugu ulimfungulia mlango, na baada ya hapo Cincinnati hakukuwa na ndugu.

Kama unataka njia iliyoanzia chini kabisa, tazama Matt LaFleur. Alikuwa kwotabeki wa Saginaw Valley State, chuo cha Daraja la II kama huyo wa mfano wetu. Akacheza ligi ya ndani, Omaha Beef na Billings Outlaws. Kisha: 2003 msaidizi Saginaw Valley, 2004 na 2005 msaidizi wa uzamili Central Michigan, 2006 Northern Michigan, 2007 mratibu wa mashambulizi Ashland, 2008 msaidizi wa chini Houston Texans. Green Bay Packers wa NFL walimpa ukocha mkuu 2019. Tazama miaka ya kati: kila mwaka mmoja au miwili mji mpya, na alikwenda Ashland, chuo kidogo, kwa cheo cha mratibu, ambacho kinampa mtu nafasi ya kuita mbinu, yaani kuchagua itakayochezwa. Anayeng'ang'ania chuo chenye jina huku akibeba kadi miaka mitano huwa hana video ya mbinu alizoziita.

Matt Nagy ni aina ya tatu. Kwotabeki wa AFL hadi 2008, akaingia Philadelphia Eagles kama mwanagenzi mwaka huohuo, akapanda ngazi moja moja chini ya kocha mkuu Andy Reid, akamfuata Kansas City 2013, akawa kocha mkuu wa Chicago Bears 2018. Miaka kumi.

Na Payton mwenyewe: mwaka 1987 alipita AFL, kisha Ottawa, Kanada, kisha Bears wakati wa mgomo wa wachezaji. Mwaka 1988 alicheza Leicester, Uingereza, na kabla mwaka haujaisha alikuwa msaidizi San Diego State. Hakusubiri mwili umwambie basi.

Wote wanne ni makwotabeki, hilo nalo liwe wazi. Mzuiaji au lainbeka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele) wa ligi ndogo anapita njia ileile, ila huanza kwa kufundisha nafasi yake, na kuita mbinu kunachelewa.

DaftariJeusi

Upande wa sekondari hamjaugusa makaratasi yake.

Shule ya umma haikupokei kwa sababu ulicheza. Kwa kawaida utahitaji ukaguzi wa rekodi ya uhalifu kwa alama za vidole, cheti cha huduma ya kwanza na kuamsha moyo, kozi ya mtikisiko wa ubongo, na mara nyingi kozi ya misingi ya ukocha ya NFHS, shirikisho la michezo ya sekondari, inayofanyika mtandaoni. Kila jimbo lina orodha yake; asome ya jimbo husika kabla ya Juni. Alama za vidole ndizo zinazochelewa, na bila hizo hukanyagi uwanja hata kwa kujitolea.

Texas ni kesi ya pekee. Kanuni za UIL, chombo cha michezo ya shule huko, zinataka kocha wa shule za umma awe mwajiriwa wa muda wote wa wilaya ya shule, na mianya ni michache. Huko ukocha maana yake ni ualimu: upate cheti, ufundishe hisabati au historia asubuhi, mpira mchana. Majimbo mengine yanaruhusu kocha wa nje anayelipwa posho ya msimu. Mchezaji wa IFL anayetaka kuchanganya kucheza na kufundisha atafute majimbo hayo, au shule binafsi. Doug Pederson, aliyekuja kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na Eagles Februari 2018, alianzia shule binafsi huko Shreveport, Louisiana, 2005 hadi 2008. Yeye lakini alikuwa amekaa NFL miaka mingi, msimlinganishe moja kwa moja.

Vyuo vya Daraja la III navyo visidharauliwe. Havitoi ufadhili wa michezo, hivyo kocha analazimika kushawishi familia kulipa karo. Utapewa eneo la kusajili, na kazi yako Desemba hadi Februari ni kutembelea shule za sekondari, kukusanya nakala za matokeo, na kujua kama mwanafunzi ataingia chuoni kwa alama zake kabla ya kumsifia kasi yake. Kocha kijana anayeleta wachezaji wanaodahiliwa kweli anabaki kazini hata timu ikifungwa.

Kwa wanaolenga NFL moja kwa moja upo mpango wa Bill Walsh wa kuongeza makocha kutoka makundi yaliyo machache, ulioanza 1987. Klabu zinachukua washiriki wakati wa kambi na mazoezi ya nje ya msimu. Ni wiki chache, si ajira, ila hapo ndipo mratibu anakuona ukifanya kazi.

YadiHamsini

Kuhusu usaili, kwa sababu ndipo wachezaji wazuri wanaanguka. Watakupa kalamu na ubao, waseme: tufundishe jinsi ya kumlinda kwotabeki kama sisi ni wachezaji wapya. Dakika 10.

Chora wachezaji 11 kwa 11 kila mara. Anayechora ushambuliaji peke yake anaonekana bado ni mchezaji. Taja kundi, mpangilio, halafu nani anamtaja lainbeka wa kati. Tuseme wazuiaji ni sita: watano wa mstari na mkimbiaji. Onyesha upande unaohamia na upande wa mtu kwa mtu. Kisha ujibu swali ambalo hawajauliza bado: wakija saba, wa saba ni wa nani? Ni wa kwotabeki. Hazuiwi na mtu, kwa hiyo kuna mpokeaji mmoja ambaye lazima ageuke mapema kutoka upande alikotoka mvamizi, na mpira utoke kabla hajafika. Onyesha mpokeaji yupi, anageuka yadi ngapi, kwotabeki anaangalia wapi kabla mpira haujaanzishwa.

Wanaoshindwa husema "hapo unahisi tu presha." Mchezaji anahisi, kocha anataja mguu, jicho, mkono. Kwa kila mbinu awe na maneno matano ya kufundishia: msimamo, hatua ya kwanza, macho yanaanzia kwa nani, mikono inakwenda wapi, anamalizaje. Kama hawezi kuyataja kwa nafasi zote 11, mbinu hiyo haijui bado, hata kama ameicheza miaka mitatu.

KonaYaKushoto

Swali la mwisho. Klabu ya ndani ikimpa nafasi ya kuwa mchezaji na kocha msaidizi kwa pamoja, akubali? Kwenye karatasi inaonekana ni njia ya mkato.

MezaYaVideo

Akubali kwa masharti. Cheo chenyewe hakisomwi sana na makocha wa vyuo, wanajua mara nyingi ni namna ya klabu kubana gharama. Kinachosomwa ni ushahidi wa kazi. Apewe kitu mahususi: kuandaa hati ya mazoezi, au mbinu 15 za kwanza za kila mechi, na jina lake liwe kwenye hizo karatasi. Mazoezi ya saa 2 ni vipindi 24 vya dakika 5. Hati moja nzuri iliyopangwa vizuri inazungumza kuliko cheo.

Ubaya wake ni kwamba kwotabeki akiwa uwanjani haoni ulinzi kwa ujumla. Baada ya mechi anaandika alichohisi badala ya kilichotokea. Ndiyo maana video ni lazima, na hapa nisisitize: aidai kila wiki, aihifadhi kwenye diski yake mwenyewe. AFL ilifuta msimu wa 2009 na kufilisika, ikarudi 2010, ikafilisika tena 2019. AAF, ligi ndogo ya nje ya 2019, ilikufa baada ya wiki nane za mechi, msimu haujaisha. Klabu ikifungwa, akaunti ya video inafungwa nayo, na hakuna wa kumpigia simu.

Video anayotuma isizidi dakika 12, na isiwe ya mabao yake. Achague majaribio 20 yaliyotoka kwenye karatasi aliyoandaa, matano yakiwa yameshindwa, kila moja likitanguliwa na mchoro na sentensi moja ya kwa nini iliitwa dhidi ya mpangilio ule. Yale matano yaliyoshindwa ndiyo mratibu atakayosimamisha na kumuuliza, kwa hiyo awe na jibu la nini angebadilisha wiki iliyofuata.